Kazi ninayoijua au kazi ninayoipenda: nianze na ipi?

Swali: Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Dodoma. Kwa miaka 11 nimefanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilianza kama muuzaji, baadaye nikawa natunza stoo na kupokea mizigo. Mzee mwenye duka alifariki mwaka jana na watoto wake wameamua kulifunga. Kiinua mgongo walichonipa, pamoja na mgao wangu wa VICOBA, vimefika shilingi milioni 9. Tatizo ni kwamba moyo wangu haupo kwenye saruji, upo kwenye keki. Nimejifunza mwenyewe mtandaoni, naoka nyumbani mbili tatu kwa wiki, nauza keki ya kilo moja shilingi 30,000 na vitu vyake hunigharimu kama 17,000. Nimeshaona oveni ya milioni 2.4 na frem ya 200,000 kwa mwezi pale Majengo. Mume wangu anasema niache utoto, nifungue duka la vifaa. Rafiki zangu wanasema nifanye ninachokipenda, pesa zitakuja zenyewe. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na poleni kwa msiba wa mzee.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate: anza na vifaa vya ujenzi. Ila usifungue duka linalofanana na la marehemu, na hilo jiko unalookea nyumbani usilizime. Mumeo yuko sahihi kuhusu duka, amekosea kuziita keki utoto. Rafiki zako wanakutakia mema, lakini hakuna hata mmoja atakayekusaidia kodi ya frem mwezi wa tatu.

Sababu yangu kubwa ni ukubwa wa mtaji wako. Sisemi kwamba anayejua ana heshima kuliko anayependa. Nasema kila biashara mpya ina ada yake. Utanunua mzigo usiotoka, utamwamini mtu asiyeaminika, utauza kwa bei ya hasara mwezi mzima kabla hujagundua, utaajiri binti atakayeondoka wiki yenye harusi tatu. Ada hiyo hasamehewi mtu, awe na digrii au darasa la saba. Tofauti ni kwamba kwenye vifaa vya ujenzi ada yako imeshalipwa kwa miaka 11, na aliyeilipa ni mzee. Kwenye keki bado hujalipa. Unajua kuoka, sawa, lakini kuoka na kuuza keki ni kazi mbili. Mwenye milioni 60 anaweza kulipa ada ya milioni 10 na bado akabaki na duka. Wewe ukilipa milioni 5 unabaki na 4, na watu wa mikopo ya kausha damu wanaanza kukuzoea.

Watu waliofanya kazi dukani kwa muda mrefu huwa hawaoni wanachokijua, kwa sababu wamekizoea. Hebu nikukumbushe. Unajua kwamba mteja akiagiza bati geji 28 akapelekewa geji 30, atarudi na fundi wake na kelele juu, kwa sababu 30 ni jembamba zaidi. Unajua kuna nondo inauzwa kwa jina la milimita 12 lakini ukiipima haifiki, na unajua ni nani anayeileta. Unajua misumari ya kupima hupotea kidogo kidogo kwa sababu kila mteja anaomba kuongezewa. Unajua saruji ikiwekwa chini bila mbao inavuta unyevu na kuganda ndani ya mfuko. Unajua mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Oktoba na Novemba watu wanakimbizana kuezeka, halafu biashara inapoa. Na unajua fundi yupi akisema "niandikie, nakuja jioni" anakuja kweli jioni, na yupi ukimwandikia utamwona tena akiwa na kazi nyingine, kwenye duka jingine.

Hayo hakuna semina inayoyafundisha kwa wiki mbili. Mtu mgeni akiingia biashara hiyo atayanunua moja moja, kwa hela yake.

Halafu uko kwenye mji unaojengwa. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, na Mji wa Serikali ukasimama Mtumba, watu wamenunua viwanja Iyumbu, Nala, Mkonze na Ihumwa, na wengi bado wanajenga kwa mtindo wetu wa mshahara kwa mshahara: mwezi huu msingi, mwakani ukuta, paa Mungu akijalia. Ujenzi wa namna hiyo ni mteja wa miaka mingi. Maduka ya vifaa nayo yameongezeka, hilo najua, na ndiyo maana nimesema usiige duka la mzee. Nitarudi hapo.

Sasa keki. Hesabu yako ndiyo iliyonitia wasiwasi. Umeandika 30,000 kutoa 17,000, umebaki na 13,000. Kwenye hiyo 17,000 nadhani umeweka unga, sukari, mayai, siagi na krimu. Je, gesi umeiweka? Boksi na kile kibao cha kuwekea keki? Boda anayeipeleka mtaa wa Kisasa taratibu isianguke? Tuseme gesi 1,500, boksi na kibao 2,500, boda 3,000. Umebaki na 6,000, na hapo hujajilipa kwa nusu siku ya kuoka, kusubiri ipoe, kupamba na kujibu meseji za mteja anayebadilisha rangi kila baada ya saa moja.

Ipeleke hiyo 6,000 kwenye frem ya 200,000. Unahitaji keki 34 kwa mwezi ili kulipa kodi ya frem peke yake. Leo unauza kama 10. Umeme hujalipa, msaidizi hujamlipa, mtoto hajala. Na ile oveni ya milioni 2.4 ni faida ya keki 400. Kwa kasi yako ya sasa hiyo ni miaka mitatu na miezi kadhaa, kama haitaharibika.

Utaniambia ukiwa na frem utauza zaidi, na utapandisha bei. Inawezekana kabisa. Lakini angalia ulivyoniandikia: kuhusu duka la vifaa hukunipa hesabu hata moja, ila nina uhakika nikikuuliza faida ya koki moja ya nusu inchi utanitajia bila kufungua daftari. Kuhusu keki umenipa hesabu, na ina mashimo. Huko ndiko kujua na kutojua biashara kunakoonekana, hata kabla hatujafika kwenye mapenzi.

Kuna kipimo kimoja cha keki ambacho nakuomba ukifanye leo usiku. Fungua simu, tafuta oda zako 20 za mwisho, na mbele ya kila moja andika aliyenunua ni nani kwako. Ndugu, jirani, mwanakwaya mwenzako, mwanachama wa VICOBA, shemeji. Wanaokupenda wananunua ili kukutia moyo, na wanasifia hata keki iliyokauka. Mgeni kabisa, aliyepewa namba yako na mtu ambaye naye humjui vizuri, ndiye soko. Wakiwa sita au saba kati ya 20, una mbegu ya biashara. Akiwa mmoja, una kipaji na marafiki wazuri, na hivyo viwili haviwezi kulipa frem ya Majengo.

Wahenga walisema kipenda roho hula nyama mbichi, na mimi sidharau mapenzi ya mtu kwa kazi yake. Yana faida halisi. Anayependa atakaa usiku kurudia keki iliyozama katikati mpaka aelewe kwa nini, na asiyependa atalaumu unga. Anayependa hujifunza haraka na huchelewa kukata tamaa. Ila ukishafungua bekari, unachokipenda hakiji kama kilivyokuwa. Leo unaoka unachotaka, siku unayotaka. Kesho kuna mama wa bibi harusi anayetaka keki ya ghorofa nne ya zambarau, ya sukari ya kukandwa, ikae nje kwenye jua la Dodoma tangu saa 7 mchana bila kulegea, na anataka kulipa nusu bei kwa sababu kaiona picha mtandaoni. Ukimaliza hiyo, Jumamosi ijayo kuna nyingine kama hiyo. Wapo wanaofika hapo na bado wanaamka saa 10 alfajiri wakiimba. Hao ndio waokaji wa biashara. Wengine hugundua kwamba walichokuwa wanakipenda ni utulivu wa jikoni Jumapili jioni, na sasa wameupoteza. Wewe ni yupi sijui, na hata wewe hutajua kwa kufikiria. Utajua ukishaoka kwa oda ngumu za wageni kwa miezi kadhaa, na hilo halihitaji frem.

Na deni la keki ni baya kuliko deni la saruji. Saruji ukimdai mtu, nyumba yake inaonekana. Keki ikishaliwa, sherehe imeisha na kamati imevunjika, nenda kadai.

Lakini usiende kufungua duka la vifaa kifua mbele. Unaijua nusu ya biashara ile, nusu ya mfanyakazi. Nusu ya mwenye mali hujaigusa, na humo ndimo wengi wanaotoka kuajiriwa wanapoangukia.

La kwanza na kubwa ni kukopesha. Ulipokuwa muuzaji ulikuwa na silaha nzuri sana: "Bosi hayupo." Fundi akiomba mifuko mitano ya mkopo unamwambia hivyo, anaondoka bila kukuchukia. Kesho bosi ni wewe, umekaa pale mbele yake, na anakujua kwa jina la mwanao. Halafu anakuja kaka wa mumeo anayejenga. Halafu mwenyekiti wa mtaa. Duka la mtaji wa milioni 9 likiwa na madeni ya milioni 3 nje limeshakuwa duka la milioni 6 lenye gharama za duka la 9. Weka kanuni kabla ya siku ya kwanza, uiandike ukutani ukitaka: hakuna mkopo miezi sita ya mwanzo, kwa yeyote. Baadaye utawachagua mafundi watatu wanne, kila mmoja na kiwango chake kwenye daftari, na deni jipya haliandikwi la zamani halijalipwa. Na mumeo asikae kwenye kiti cha duka siku mbili tatu za kwanza akagawa mali kwa nduguze. Mwambie mapema, kabla hamjachukua frem.

La pili ni cha juu cha fundi. Umeliona kwa miaka 11, lakini hela haikuwa yako. Fundi analeta mteja na anategemea kitu. Ukimnyima anampeleka mteja wake kwa jirani, ukimpa kwa kumpandishia mteja bei kwa siri, siku mteja akiuliza bei kwingine umewapoteza wote wawili. Wafanyabiashara ninaowaheshimu humpa fundi kutoka kwenye faida yao, kiwango kinachojulikana, na bei ya mteja haiguswi. Ndiyo maana ni lazima uuze vitu vyenye nafasi ya kumpa.

La tatu ni wauzaji wa jumla. Mzee alikuwa anapewa mali kauli kwa sababu walimwamini yeye. Usidhani imani hiyo imerithishwa kwako. Lakini una kitu ambacho mgeni hana: wewe ndiye uliyekuwa unapokea mzigo na kusaini. Madereva wanakujua, makarani wanakujua, wanajua hukuwahi kusema mifuko 100 ilipofika 102. Nenda mwenyewe, kabla ya kufungua, kwa wale wawili watatu mliokuwa mkinunua kwao sana. Usiombe mzigo. Waambie unaanza, utanunua kwa taslimu miezi mitatu, na baada ya hapo utaomba mali kauli ndogo ya wiki mbili. Mwenye duka la jumla akisikia mtu anaanza kwa taslimu, anakumbuka jina lake.

Sasa, duka gani? Kwa milioni 9 usiguse saruji, nondo na mabati kama bidhaa za kuweka dukani. Chukua mfano wa saruji tu: mifuko 100 kwa 16,000 ni milioni 1.6 imelala chini, na ukipata 500 kwa mfuko umepata 50,000. Hiyo 500 ni kama asilimia 3 ya bei. Hapo kuna mtego ambao wafanyakazi wa dukani hawauoni, kwa sababu risiti za kodi zilikuwa za bosi. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayafiki milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo, faida haiulizwi. Kwa mwenye bidhaa za faida nyembamba na mauzo makubwa, kodi inaweza kumeza faida yote ya saruji, na daftari litaonyesha duka linalochangamka. Nenda TRA uchukue viwango vya mwaka huu na upige hesabu kwa kila kundi la bidhaa kabla hujanunua chochote. Kufungua TIN hakuna malipo, na maofisa wao wanajibu maswali ukienda mapema asubuhi.

Ninachokushauri ni duka dogo la vifaa vya bomba na umeme: viunganishi vya mabomba, koki, valvu, sinki, nyaya, soketi, swichi, holda, gundi, tepu, pamoja na vitu vidogo vya kumalizia nyumba kama kitasa, bawaba na silikoni. Faida yake kwa kipande ni kubwa kuliko ya saruji, havigandi, havihitaji lori, na kiungo kimoja cha shilingi 1,500 kikikosekana mafundi watatu wanasimama kazi, kwa hiyo hakuna anayebishana bei sana. Ubaya wake ni wingi wa aina. Mgeni akiingia hapo atajaza rafu vitu visivyotoka na kukosa vile vinavyoulizwa kila siku. Wewe huo ndio mchezo wako wa stoo. Unajua kipenyo gani kinauzwa mara kumi kwa wiki na kipi kinakaa mpaka vumbi. Mteja akitaka saruji au bati, usimfukuze: piga simu kwa jumla, chukua hela yake, kirikuu ipeleke moja kwa moja saiti, wewe ule tofauti ndogo bila kuweka mtaji wako chini.

Fedha zako ningezigawa hivi. Frem ya nje ya mji kwa 150,000, miezi sita, 900,000. Rafu, kaunta, kufuli na taa 800,000. Jina la biashara BRELA, leseni ya halmashauri na vinginevyo vya kuanzia tenga 300,000. Mzigo wa kwanza milioni 4.5, si zaidi, hata kama rafu zitaonekana tupu na majirani watacheka. Milioni 2.5 iliyobaki isiingie dukani siku ya kufungua. Humo kuna chakula cha nyumbani na fedha ya kujaza vile vitakavyoisha haraka, na hasa humo kuna Februari hadi Aprili.

Miezi hiyo ni ya kuiheshimu. Nimekuambia ujenzi hupoa wakati wa mvua. Na keki je? Harusi hupungua wakati wa Kwaresima na wakati wa Ramadhani, na miaka hii mifungo hiyo miwili imekuwa ikiangukia karibu karibu, Februari na Machi. Kwa hiyo usijidanganye kwamba moja itaibeba nyingine pale. Zote mbili zitakaa chini kwa wakati mmoja. Zitakapoinuka ni tofauti: keki zina Desemba ya mahafali, vipaimara na send-off, na duka lina kiangazi kizima.

Kuna watu watakutajia waliofanikiwa kwenye biashara wasizozijua. Wataanza na marehemu Reginald Mengi, mhasibu aliyeanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Kweli. Lakini alianza huku bado ana kazi yake ya uhasibu, na kujua hesabu, kuagiza bidhaa na kusoma uhaba wa wakati ule ni ujuzi mzito kuliko kujua kalamu. Wataendelea na Tabitha Karanja wa Kenya, ambaye kabla ya kuanzisha kampuni ya vinywaji ya Keroche mwaka 1997 alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule Naivasha. Huyo anakuhusu zaidi. Aliacha vifaa akaenda kwenye vinywaji, ndiyo, ila duka lilitangulia. Alikwenda akiwa ameshakuwa mfanyabiashara. Sikuambii ufe na koki mkononi. Nakuambia duka ndilo linaloweza kununua oveni, na oveni haiwezi kununua duka kwa keki 10 kwa mwezi.

Wapo pia wanaochagua biashara bila kuijua wala kuipenda, wamesikia tu inalipa. Kenya, mwaka 2013 na 2014, watu waliacha kuku wakafuga kware kwa sababu mayai yake yalisemwa yanatibu kila kitu na bei ilikuwa juu. Wengine walikuja kugundua kwamba hata kibali cha idara ya wanyamapori kinatakiwa. Kila mtu alipokuwa na kware, hakukuwa na wa kumuuzia. Wewe hauko kwenye kundi hilo, una heri ya kuchagua kati ya vitu viwili unavyovifahamu kwa namna fulani.

Ningekujibu kinyume kama mambo yangekuwa mengine. Kama ujuzi wako ungekuwa wa kusafisha picha za filamu au kuchoma CD, ningekuambia ujuzi huo umeshazeeka, kimbilia jikoni. Kama ungeniandikia kwamba ukiona duka la vifaa unaumwa tumbo, kwamba miaka ile 11 ilikuharibia afya au heshima yako, pia ningesikia. Hukuandika hivyo. Umesema moyo haupo kwenye saruji, na mimi nimekutoa kwenye saruji. Na kama katika zile oda 20 wageni watakuwa 15, niandikie tena, tutazungumza upya kabisa.

Keki ziendelee nyumbani, kwa oda tu, mwisho wa wiki. Malipo ya nusu kabla hujavunja yai, iliyobaki kabla boksi halijafungwa. Pandisha bei mpaka wanaokujua walalamike kidogo. Kila keki iwe na ukurasa wake kwenye daftari: vitu, gesi, boda, saa ulizotumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na keki ndiyo mali inayopotea kimya kuliko zote. Ukifika mahali ambapo kwa miezi sita mfululizo unakataa oda kwa kukosa nafasi, nenda SIDO ukaulizie mafunzo yao ya usindikaji wa vyakula, halafu TBS, maana usajili wa bidhaa na majengo ya chakula ulihamia kwao mwaka 2019. Oveni kubwa inunuliwe siku hiyo, kwa faida. Kama itapungua, mikopo ya halmashauri kwa wanawake, ile inayotengewa asilimia 4 ya mapato yake ya ndani, haina riba na ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa. Hutolewa kwa kikundi, na wenzako wa VICOBA mmeshazoeana.

Na frem. Ile ya Majengo iache. Jumamosi asubuhi panda daladala mpaka Iyumbu au Nala, ushuke utembee. Usihesabu misingi, wala nyumba zilizofika kwenye lenta, hao wanataka saruji na nondo na wana maduka yao. Hesabu nyumba zilizoezekwa ambazo madirisha bado yamezibwa kwa mabati au matofali. Hizo ndizo zinazongojea bomba na umeme, na nyingi zitakuwa zinangojea kwa mwaka mzima au zaidi. Mtaa wenye nyumba za namna hiyo nyingi, na duka la karibu la koki ni la kupanda boda, ulizia frem hapo. Mwenye nyumba akitaka kodi ya mwaka, mwombe miezi sita, na mkataba uandikwe kwa jina lako wewe.